Mchanga wa Ukambani na maji yake

Mwezi wa Septemba, anayevuka Mto Kaiti kule Makueni, au Tiva kule Kitui, hupita juu ya mchanga mtupu. Ila akishuka atawakuta akina mama waliokuja na punda wao wakiinama ndani ya shimo la kina cha kiuno, lililozungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Wanachota kata moja, wanasubiri maji yachuruzike tena kutoka kandoni, wanachota nyingine, hadi mtungi wa manjano wa lita 20 ujae. Kazi ya taratibu, lakini maji yenyewe ni meupe.

Mwanafunzi wa sayansi ya mazingira huanza na mzunguko wa maji: bahari, mvuke, wingu, mvua, mto. Mto wa vitabuni hautiririki wiki chache ukakauka. Wa Ukambani ndivyo ulivyo. Sehemu nyingi hupata kati ya milimita 500 na 1,000 za mvua kwa mwaka, na jua lina uwezo wa kuvukiza maradufu ya hiyo. Lambo la wazi, basi, hunywewa na jua kabla ya ng'ombe. Ndiyo maana maji hufichwa ndani ya mchanga.

Mawe ya kale ya eneo hili yakimeng'enyeka hutoa chembe nene za mchanga, na mafuriko huzikokota mtoni. Wajenzi huziba mto kwa ukuta wa mawe na saruji, uliosimamishwa juu ya mwamba. Maji yakija kwa kishindo, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu. Baada ya misimu kadhaa bwawa limejaa mchanga pomoni, na hapo ndipo linapoanza kufaa: robo hadi asilimia 40 ya ujazo wake ni nafasi za kushika maji. Jua haliyafikii yaliyo chini, mbu hana pa kutagia, na mengine hupenya kingoni na kupandisha maji ya ardhini. Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kazi hii mwaka 1978. Shirika la SASOL la Kitui, lililoanzishwa 1990, limesaidia wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo. Wenyeji huleta mawe, maji na mikono kwa utaratibu wao wa zamani wa kufanya kazi pamoja, mwethya.

Lakini ukuta peke yake hautoshi. Mlima ukimomonyoka, kinacholijaza bwawa ni tope, na tope hushika maji bila kuyaachia. Ndiyo maana matuta ya fanya juu, yanayozuia udongo huko mashambani, ni sehemu ya bwawa, hata yakiwa mbali nalo. Mmomonyoko huo si jambo jipya. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona Ukambani kuwa nchi iliyokwisha, imezidiwa na watu na mifugo. Mwaka 1938 walianza kunyang'anya watu ng'ombe, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu kwa miguu hadi Nairobi kupinga. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha kitabu chao mwaka 1994 kuhusu Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu 1930, na mmomonyoko ukapungua. Wale maafisa walikuwa wamehesabu midomo, wakasahau kuhesabu majembe.

Siku hizi tishio huja na sepeto na lori. Nairobi inajengwa, inataka mchanga, na mto usio na mwenyewe kila mtu anaukata kipande chake. Anayeuza hupata pesa leo. Shimo la maji hukauka kwa jirani wa chini. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na mimi naona ilikuwa sawa, ingawa kijana asiye na kazi ana haki ya kuuliza ale nini. Lori linaloondoka limebeba pia nafasi ya maji ya msimu ujao.

Na Nairobi nayo huleta mzigo wake. Maji machafu ya mito ya jiji huingia Mto Athi, unaopita kati ya Makueni na Kitui, ukawa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mahali Athi unapokutana na Mto Thwake ndipo palipochaguliwa kwa bwawa kubwa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 na limepangwa kushika mita za ujazo milioni 688. Mchanga huchuja maji ya shimoni; bwawa la wazi la ukubwa huo halina mchujo wowote. Usafi wa maji ya bomba la Kitui na Makueni utategemea, pamoja na mitambo ya kusafishia hapo Thwake, mabomba ya majitaka ya mitaa ya Nairobi ambayo mkulima wa Kitui hajawahi kuikanyaga.