Filamu Nayo Ina Ngozi

Picha za stirio ni picha mbili za kitu kimoja, zilizopigwa kwa pamoja na lenzi mbili zilizoachana kama macho yetu, yaani sentimita 6 na kidogo. Kila jicho likipewa picha yake, ubongo huziunganisha, nawe utauona Mwamba wa Bismarck wa Mwanza umechomoza majini kana kwamba unaweza kuuzunguka. Slaidi ni filamu yenyewe, rangi zake zikiwa zimeshatokea, iliyokatwa na kutiwa kwenye fremu ili itazamwe kwa kupitisha mwanga.

Wanaoanza hukwama kwenye fremu, maana filamu hujikunja. Ukiibonyeza huku, inainuka kule. Usidhani umeiharibu.

Wapiga ngoma wa Kisukuma huisogeza ngoma motoni ili ngozi ikauke, ikaze. Filamu nayo ina ngozi: juu ya utepe wa plastiki hupakwa dawa iliyoshikwa na jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikinywa unyevu huvimba, ikikauka husinyaa. Plastiki haisinyai kiasi hicho, kwa hiyo filamu huinama kuelekea upande wa dawa. Ndiyo maana filamu iliyokaa vizuri wakati wa masika huweza kujikunja Julai, hewa ya Mwanza ikikauka.

Katika slaidi ya kawaida kujikunja huko hutia ukungu pembeni tu. Katika stirio, picha ya kulia ikibinuka na ya kushoto ikalala, macho hupewa habari zinazogombana, na kichwa kinaanza kuuma.

Basi usiwahi mkasi. Uviringe utepe mzima kinyume, dawa ikiwa nje, uuache siku mbili tatu. Kisha kata, ulaze vipande kati ya karatasi safi chini ya vitabu vizito usiku kucha. Mimi hutumia kamusi, na sijaona kazi inayoifaa zaidi. Shika kingo tu. Mvuke wa birika usiujaribu: jelatini iliyolowa hunasa kila vumbi na kila alama ya kidole.

Fremu za kioo huinyoosha filamu kwa nguvu, ila filamu ikigusa kioo huweza kuzuka pete za rangi ziitwazo pete za Newton, na unyevu uliofungiwa ndani huzaa kuvu. Kwa hiyo jaribu kwanza fremu ya kadibodi, uitazame jozi dirishani. Kingo za mwamba zikitulia kwa macho yote mawili, ifunge. Zikicheza, irudishe chini ya kamusi.