Wadudu wa Mtoni ni Mashahidi

Wasikilizaji wetu, nanyi watoto wa shule msomao kijitabu hiki, leo twapenda kuwaelezeni kazi isiyohitaji fedha: kuhesabu viumbe vidogo vya mtoni.

Sisi wa Kimandolu twakaa chini ya Mlima Meru, ambao kimo chake ni karibu futi 15,000. Mito yetu, kama Themi upitao mjini Arusha, yatoka juu mlimani. Huko maji ni safi. Yakishuka, hupita mashambani na majumbani, yakabeba taka. Je, yamechafuka kiasi gani? Kuyatazama tu hakutoshi.

Basi tulikwenda na wanafunzi kwenye kijito, mahali pawili: juu ya makazi na chini yake. Kila mahali waligeuza mawe 20, wakaandika kila mdudu waliyemwona, kisha wakarudisha mawe kama yalivyokuwa. Juu waliona wadudu bapa wenye mikia miwili au mitatu, myembamba kama nywele. Hao hutaka hewa nyingi majini. Uchafu ukizidi hufa. Chini walipata vibuu vyekundu mfano wa minyoo. Wekundu wao ni wa namna moja na ule wa damu yetu, nao huvisaidia kushika hewa kidogo iliyosalia.

Mtoto mmoja hakuona huko chini mdudu wa mikia hata mmoja. Akaona haya, akaandika watatu. Tukamwambia, "Mwanangu, 'hakuna' nayo ni habari. Ukiandika usichokiona, watu watalisadiki daftari lako, na mto utaachwa uharibike." Akafuta, akaandika 0.

Lakini mashahidi hawa hawajui yote. Maji mengi ya Meru yana floridi, madini yatokayo katika mawe ya volkeno, yatiayo meno rangi ya kahawia. Wadudu hawatuonyeshi hayo, wala kila kijidudu cha maradhi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Hiyo hupimwa na wataalamu.

Nanyi jaribuni, pamoja na mwalimu wenu. Msiende mvua inyeshapo mlimani, maana mto hujaa ghafula. Na mkirudi, naweni mikono kwa sabuni. Rudieni hesabu kila kiangazi na kila baada ya masika, mahali pale pale, kwa mawe 20. Hesabu moja haionyeshi mabadiliko. Daftari la miaka mitano laweza kuwaonyesha wazee wa mtaa ni wapi mto ulianza kuharibika, na tangu lini.