Meno ya kamio ya theluji yanashikwa na cobalt

Chukueni barabara yenye upana wa metre 3, njia ya gari moja tu. Usiku theluji inaanguka, asubuhi imefika kimo cha santimetre 20. Theluji ni ile neige tunaona mu filme: nyeupe, laini, watoto wanaicheza kwa mikono. Sasa mufanye hesabu. Ku kilometre moja, ni metre cube 600. Theluji mpya, ile kavu, metre cube moja inaweza kuwa na kilo 100. Ile kilometre moja basi iko na tani 60. Na kama theluji imeanza kuyeyuka na kushika maji, metre cube moja inafika kilo 300, na kilometre inakuwa na tani 180.

Mtu wa mine anajua tani 60 ni nini: ni benne kubwa imejaa. Lakini kamio ya kuondoa theluji haipakii kitu. Inapita na mwendo wa kilometre 40 kwa saa, ile kilometre inaisha mu dakika moja na nusu, na nyuma yake barabara iko wazi. Ambulance inaweza kupita, mwalimu anaenda ku masomo, mfanyakazi anafika ku kazi. Barabara ikikaa bila kufunguliwa, mgonjwa anafia njiani. Ku inchi za baridi ile kamio si ya mapambo.

Tuone sasa namna gani wameitengeneza. Ni mashini ya Kanada, ya Norwe, ya Marekani ya kaskazini, lakini wenye kufanya kazi ku Kolwezi, Likasi ao Fungurume watatambua vitu mingi ndani yake. Na kitu kimoja kati ya vile kinaweza kuwa kilichimbwa hapa kwetu.

Haisukumi mbele, inatupa kando

Kitu cha kwanza: lame ya theluji haifanyi kazi sawa na ya buldoza. Buldoza inasukuma udongo mbele yake, mlima unakua, na kiisha metre kidogo mashini inachoka. Theluji ya kilometre nzima huwezi kuisukuma vile. Inaomba itoke kando saa ile ile lame inaigusa. Ndiyo maana lame inafungwa mshazari, karibu digiri 30 ao 35, sawa vile munaona ku niveleuse. Theluji inaingia chini, inapanda ku uso wa lame, inakuta mgongo uliopindwa kama karatasi iliyoviringishwa nusu, inajiviringisha, na inatokea ku ncha ya pili.

Lame za barabara kubwa mara mingi haziko na kimo kimoja. Upande mmoja ni mfupi, upande wa pili ni mrefu na umefunguka kama mdomo wa tarumbeta. Theluji inaingia ku upande mfupi, inaongeza mwendo, na inarushwa mbali ku upande mrefu. Hapo mwendo wa gari ndio unafanya kazi. Ukienda pole pole, theluji inaanguka karibu na magurudumu. Ukienda mbio, inaruka juu ya ukingo na kuenda kulala mu majani.

Lakini ule mwendo unalipwa. Ukienda mbio mara mbili, kila segonde lame inakutana na theluji mara mbili zaidi, na kila kilo moja inaomba nguvu mara nne ya kuirusha. Mbili mara nne ni nane. Moteur inaombwa nguvu karibu mara nane kwa ile kazi ya kurusha peke yake. Shofere mwenye akili anatafuta mwendo wa katikati.

Kuko tena shida ya macho. Mwendo unainua vumbi la theluji, linapita juu ya lame na kufunika kioo. Juu ya ile, ku kichwa cha lame wanafunga kipande cha caoutchouc chenye kuinama mbele, kinarudisha lile vumbi chini. Ni kitu kidogo, hakina bei kubwa, lakini bila kile mtu anaendesha kamio nzito kama kipofu. Wale wa mine wanaopita nyuma ya benne mu vumbi la kiangazi wanajua tunasema nini.

Kutoka farasi mpaka moteur

Zamani lame ilikuwa ya mbao na ilivutwa na farasi. Ku Milwaukee, Marekani, ilitumika mu njia za mji tangu 1862. Gari zilipokuja, watu walianza kuifunga mbele ya moteur. Ku Norwe, mu 1923, ndugu wawili, Hans na Even Øveraasen, walitengeneza lame ya gari. Myaka ileile, Carl Frink wa Clayton, mu jimbo la New York, alikuwa anatengeneza zake. Ku Québec, Arthur Sicard, mtoto wa mkulima, aliona kama lame inafungua njia lakini inaacha milima kando. Mu 1925 alitengeneza souffleuse, mashini ya kumeza theluji na kuitapika mbali, na mu 1927 aliuza ya kwanza ku mji wa Outremont.

Leo kuko lame za namna mingi. Kuko ile inaangalia upande mmoja tu, ni ya barabara kubwa. Kuko ile inageuka kushoto ao kuume kwa hydraulique, ni ya mji. Kuko ya V, kama pua ya mashua, ya kupasua theluji nyingi iliyolundikwa na upepo. Na kuko aile, lame ya pili inafungwa ubavuni ili kupanua njia. Watu wa Québec wanaita kamio nzima "charrue", neno la jembe la kukokotwa na ng'ombe. Hawakukosea: inageuza theluji vile jembe inageuza udongo.

Jiwe lililofichwa

Sasa tufike ku jambo kubwa. Theluji inafunika yote. Chini yake kuko kifuniko cha égout, kuko rail, kuko bordure, kuko chuma cha kuunga daraja. Shofere haoni hata kimoja. Lame inapita pale na kilometre 40 kwa saa, inagonga chuma, na nguvu yote inarudi nyuma: ku mikono ya hydraulique, ku châssis, ku kifua cha mtu. Kamio inaweza kusimama gafula ao kugeuka na kuingia mu gari ya mtu mwingine.

Juu ya ile, lame nzuri ni ile inajua kuachia. Wanaitengeneza mu njia mbili. Ya kwanza, lame nzima imeshikwa na ressorts. Ikigonga, inainama mbele, inapita juu ya kile kitu, kisha ressorts zinairudisha. Ya pili, lame inabaki imesimama, lakini kipande cha chini peke, chenye kimo cha santimetre kidogo tu, kinakunjwa nyuma na kurudi. Hii ya pili haimwangi theluji yote iliyo mbele yake, na inafaa mu mji fasi kuko vifuniko mingi vya égout.

Kazi iko mu kipimo. Ressort ikikazwa zaidi, lame haiachii na ajali inafika. Ikilegezwa zaidi, lame inainama ku kila theluji ngumu na inaacha barabara michafu. Hakuna kipimo kimoja cha kila fasi. Fundi anakaza kufwatana na barabara yake. Na ku barabara ya changarawe wanaongeza sabots, viatu vya chuma vyenye kushika lame juu kidogo, ili isiondoe mawe pamoja na theluji.

Meno

Chini ya lame kuko makali, kipande cha chuma chenye kugusa barabara. Ndicho kinakula goudron, mchanga na barafu, na ndicho kinaisha mbele ya vingine. Makali ya chuma cha kawaida yanaisha mbio. Shofere anapashwa kusimama katikati ya kazi, usiku, mu baridi, na kubadilisha vipande vizito vyenye kufungwa na boulons za kichwa bapa na shingo ya mraba. Mafundi wa niveleuse wanazijua zile boulons, ni zilezile.

Juu ya ile walitafuta kitu kigumu zaidi: carbure de tungstène. Ilizaliwa ku Ujerumani. Karl Schröter, wa kampuni Osram, aliishika kwa patente mu 1923, na mu 1926 Krupp ilianza kuiuzisha kwa jina la Widia, maana yake "kama almasi". Ni ile carbure iko ku boutons za taillant yenu, zile zinatoboa mwamba mu mine.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Wanachukua unga wa carbure, wanauchanganya na unga wa cobalt, mara mingi kati ya kilo 6 na 12 kwa kila kilo 100. Wanaukandamiza, wanautia mu moto wa karibu digiri 1400. Pale cobalt inayeyuka, inapita katikati ya mbegu za carbure, na ikipoa inazishika zote pamoja. Carbure peke yake ni ngumu lakini inavunjika kama kioo. Cobalt ndiyo inaipa uvumilivu. Kiisha, vile vipande vinaungwa mu chuma cha makali kwa soudure, na mara mingi ile soudure iko na shaba ndani.

Makali ya namna ile yanaishi mara mingi zaidi kupita chuma cha kawaida. Lakini hata na cobalt, pigo kubwa linaweza kuyapasua. Ndiyo maana wengine wanatia chuma cha kuyakinga mbele, na wengine wanayafunga ndani ya caoutchouc ili pigo lipungue. Munaona sasa: ugumu na kuachia vinaenda pamoja. Meno makali ku lame isiyoachia hayafiki mbali.

Hapa neno moja kwa mafundi wote, wa Montréal na wa Kolwezi. Makali yanabadilishwa lame ikiwa imeshushwa chini ao imelazwa juu ya magogo yenye nguvu. Flexible ya hydraulique ikipasuka, lame haingojei mtu atoe mkono.

Uzito nyuma, theluji mbele

Kamio inaweza kusukuma tu kwa nguvu ile pneu zinashika ku barabara. Ku goudron kavu, pneu inashika karibu sehemu 7 kati ya 10 za uzito uliolala juu yake. Ku theluji iliyokanyagwa, ni sehemu 2 ao 3. Ku barafu, ni 1. Gari yenye tani 15 juu ya magurudumu ya kuvuta inabaki na nguvu ya kusukuma tani 3 ao 4 tu. Tena lame ya mshazari inasukuma pua ya gari ku upande wa pili. Juu ya ile kamio haiendi bure: nyuma imejaa chumvi ao mchanga. Ule uzito unashika barabara, na pole pole unamwagwa njiani.

Ile chumvi nayo inatoka mu mine. Ku Goderich, mu Ontario, wachimbaji wako chini ya ziwa Huron, zaidi ya metre 500, wanakata chumvi na kuacha nguzo za kushika dari. Baridi ikipita sana, chini ya digiri 15 ao 18 za barafu, chumvi inashindwa, na wanatia mchanga ao mawe yaliyosagwa.

Mu karieri ya zamani

Theluji ikikusanywa inaenda wapi? Ku Montréal, mji wenye wakongomani mingi, wanaondoa karibu metre cube milioni 12 kwa mwaka. Zamani walikuwa wanatupa ingine mu mto Saint-Laurent, lakini iko na chumvi na mafuta ya magari, inaharibu maji. Sasa sehemu kubwa inaenda mu karieri Francon, fasi walichimba mawe ya chokaa zamani. Kamio zinarudi nyuma mpaka ukingoni, zinamwaga, na chini mlima wa theluji unakaa mpaka wakati wa joto. Karieri ileile inajulikana na watu wa jiolojia, juu ndimo walipata weloganite, jiwe lenye zirconium na strontium. Shimo lililokwisha kazi ya mawe limepata kazi ingine.

Barabara zetu hazina theluji. Ziko na matope ya mvua, vumbi la kiangazi, na mawe yenye kuanguka ku benne na kupasua pneu. Lakini mwenye kuendesha niveleuse ku barabara ya mine anafanya kazi ileile: lame mshazari, makali yanaisha, jiwe limefichwa. Barabara ikiwa mbaya, ajali haiko mbali, na ni familia moja ku cité inalia.

Watu wengi wanasema cobalt ni ya batterie tu. Si vile. Zaidi ya sehemu mbili kati ya tatu za cobalt inayochimbwa mu dunia inatoka Kongo, na inatoka mingi kama hydroxyde, unga ambao haujakamilika. Inaenda mbali, inasafishwa, ingine inakuwa meno ya kutoboa mwamba na kukwangua barafu, na sisi tunanunua taillant kwa bei ya Ulaya na ya Asia. Mtoto akiuliza nyumbani baba anachimba nini, mumuonyeshe taillant iliyoisha. Mumuambie kama zile boutons ndogo zinashikwa na cobalt, na kama kuzitengeneza ni kazi yenye kufundishwa, sawa na kazi zingine.