Marejeo si Marejeleo

Tazama kurasa za mwisho za tasnifu za Kiswahili: huyu ameandika "Marejeo", mwenzake "Marejeleo", na wote wawili wanakusudia kitu kimoja, orodha ya maandishi waliyoyategemea. Wengi huona kwamba ni hiari tu ya mwandishi. Mimi nashikilia kwamba silabi ile moja, -le-, ina kazi yake, na kuiacha ni kutupa kitu ambacho sarufi yetu imetupa bure. Kitenzi rejea kwa asili ni kurudi: msafiri hurejea kwao, mgonjwa hurejewa na fahamu. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa rejelea, na hapo tendo hupata lengo. Mtu harudi tu, anakiendea kitu fulani kwa haja fulani. Ndivyo tembea na tembelea yanavyoachana: anayetembea hahitaji mwenyeji, anayetembelea lazima awe naye. Enda nayo ilitupa mwendo, endelea ikatupa maendeleo, wala hakuna anayeyachanganya hayo mawili.

Hoja nzito dhidi yangu inatoka kwenye Kiarabu, kilikotoka kitenzi chenyewe. Huko marji, neno la mzizi uleule wa kurudi, ndilo jina la kitabu cha kutegemewa. Kwa nini basi marejeo yasitoshe? Kwa sababu ma- ya Kiarabu hapo huunda jina la mahali, pale panaporudiwa. Ma- yetu ni kiambishi cha ngeli, na -o ya mwisho hutaja tendo au matokeo yake. Ndiyo maana msomaji wa tafsiri ya Kurani akikuta marejeo hufikiria kurudi kwa Muumba, hafikirii rafu ya vitabu.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba mwalimu husema "rejea sura ya pili" na darasa likaelewa. Kweli, na sina ugomvi nalo: sura ya pili wamekwisha kuipita, hivyo wanairudia. Lakini kitabu kilichoorodheshwa mwishoni mwa tasnifu huenda msomaji hajapata kukiona. Aliyekiendea ni mwandishi, akakirejelea, na orodha ndiyo ushahidi wake. Kwa hiyo kitabu asichokitumia popote ndani ya kazi hakistahili kukaa chini ya neno marejeleo. Akitaka kumpendekezea msomaji vingine, aviandikie orodha ya pembeni na kuiita bibliografia.