Sauti na Uso Katika Zama za Kuchati

Stadi za kuishi na watu hupatikana kwa mazoezi, na mazoezi hayo huanza usoni. Mtoto hujua mama amekasirika kabla mama hajafungua mdomo. Kijana anayemwamkia mzee kwa "shikamoo" husikia katika "marahaba" kama mzee amefurahi, amechoka au ana jambo moyoni, naye hujipanga ipasavyo. Meseji huyaacha nje karibu yote hayo. Tiki mbili za bluu, alama kwamba ujumbe umesomwa, zikionekana bila jibu, kijana hubaki akikisia: amedharauliwa, au mwenzake yuko kwenye daladala? Ana kwa ana, fumbo hilo lingefumbuliwa mara moja kwa kutazamana tu.

Mwaka 2014, Yalda Uhls na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la sita nchini Marekani. Wanafunzi 51 walikaa kambini siku tano bila simu, televisheni wala kompyuta. Wengine 54 waliendelea na maisha yao ya kawaida. Kabla na baada ya siku hizo, wote walitakiwa kutambua hisia za watu katika picha na video. Waliotoka kambini waliongeza ustadi kuliko wenzao. Hata hivyo, kambi iliwapa pia saa nyingi za kucheza na kuongea pamoja, hivyo si haki kuihukumu skrini peke yake.

Jambo linalosahaulika mno ni kwamba mawasiliano ya simu si ya aina moja. Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison waliwapa wasichana wadogo mtihani wa kutia wasiwasi, kisha baadhi yao wakazungumza na mama zao ana kwa ana au kwa simu, na wengine wakachati nao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba sauti ya mama, hata ya simuni, iliongeza oksitosini, homoni inayohusishwa na utulivu na ukaribu. Meseji za mama hazikufanya hivyo. Kwa mtoto wa Tanga au Mombasa ambaye mama yake anafanya kazi Muscat, tofauti hiyo ina maana: dakika chache za kupiga simu huenda zikamfikishia kile ambacho meseji haziwezi.

Hata hivyo, hofu kwamba kizazi kizima kimeharibiwa na skrini haina ushahidi wa kutosha. Douglas Downey na Benjamin Gibbs walilinganisha tathmini za walimu kwa watoto wa Marekani walioanza chekechea mwaka 1998 na wale wa 2010, waliokulia kati ya skrini. Katika utafiti huo wa mwaka 2020, stadi za kuishi na watu za kundi la pili hazikuwa zimeshuka, isipokuwa kidogo kwa watoto walioingia kwenye michezo ya mtandaoni na mitandao ya kijamii mara nyingi kila siku.