Anataka Kuwa Nesi, Lakini Bayolojia Ilimshinda: Tufanye Nini?

Mwaka jana mama mmoja wa kikundi alinijia na bahasha. Ndani mlikuwa na cheti chake cha Kidato cha Nne: wastani wa C, Kiswahili B, Hisabati C-, Bayolojia D+, Kemia D. Kwa miaka minane amekuwa mhudumu wa afya kijijini, akipima watoto na kuwasindikiza kina mama kliniki. Sasa anataka kusomea uuguzi. "Lakini nina miaka thelathini na minne," akasema, "na sayansi ilinishinda tangu zamani."

Ndugu msomaji, pengine katika kikundi chenu yuko mtu kama huyu. Tuangalie jambo hili hatua kwa hatua.

1. Jua kinachotakiwa

Kwa diploma ya uuguzi, mwombaji hutakiwa awe na wastani wa C katika KCSE. Tena awe na C katika Bayolojia, C katika Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati.

Tuliposoma cheti chake pamoja, tuliona Hisabati inatosha kujaza nafasi ya Kemia. Somo lililobaki ni moja tu, Bayolojia. Miaka yote hiyo alikuwa anaogopa milima miwili, kumbe ni mmoja.

2. Uliza kabla ya kulipa

Wako watu wanaouza kozi fupi za "kuziba pengo". Jirani ya huyu mama aliuza mbuzi wawili kulipia kozi kama hiyo, halafu chuo kikamkatalia cheti chake. Basi usitoe hata shilingi moja kabla ya kuuliza chuo chenyewe pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya. Uliza hivi: "Je, mnakubali gredi ya somo lililorudiwa mwaka mwingine?" Jibu lipate kwa maandishi.

Wakikubali, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize juu ya kujiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi. Nenda mapema mwaka unapoanza, maana mlango hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani.

3. Usisahau karatasi ya tatu

Bayolojia ya KCSE ina karatasi tatu. Mbili za kwanza zina alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, alama 40. Anayejisomea nyumbani hukazana na kitabu, halafu siku ya vitendo anashika vifaa kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo wengi huanguka. Kwa hivyo tafuta shule ya sekondari yenye maabara, uongee na mwalimu mkuu, hata kama ni Jumamosi mbili kwa mwezi.

4. Anzia jikoni

Dondosha aidini kwenye kipande cha ugali. Kikigeuka rangi ya samawati iliyokolea karibu nyeusi, hiyo ni wanga. (Kipande hicho kitupwe, kisiliwe.) Weka kipande cha kiazi kibichi katika maji ya chumvi nyingi, na kingine katika maji matupu. Baada ya saa chache cha kwanza kinalegea, kwa sababu maji yametoka ndani yake kufuata chumvi. Hiyo ndiyo osmosisi. Ukiielewa, utaelewa kwa nini nesi hawezi kutia maji yoyote tu kwenye mshipa wa mgonjwa.

Hesabu nazo ni hivyo hivyo. Daktari ameandika miligramu 500, tembe ni ya 250. Utatoa ngapi? Mbili. Kukosea hapa si kukosa alama, ni kuumiza mtu.

5. Kikundi kinasaidiaje?

Wenzake walikubaliana: Jumamosi za maabara wao wanaangalia watoto na kuchota maji. Zamu yake ya merigoraundi ililetwa mbele ili alipe ada ya mtihani. Matokeo bado. Lakini sasa anasoma akijua anatafuta nini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Nani kati yetu aliacha ndoto yake kwa sababu ya somo moja?
- Je, amewahi kusoma cheti chake pamoja na mtu mwingine?
- Ni kazi gani ya nyumbani tunaweza kumpunguzia ili apate saa moja ya kusoma kila siku?