Taa ya mmea haichaguliwi kwa jicho

Kiswahili kiliipa rangi ya kijani jina lake kutokana na jani. Ajabu ni kwamba, miongoni mwa rangi zote za upinde wa mvua, hiyo ndiyo ambayo jani huirudisha kwa wingi kuliko nyinginezo. Tumeliita jani kwa kile linachotupa sisi, wala si kwa kile linachokula lenyewe. Katika mwanya huo mdogo baina ya jina na kitu ndimo ulimojificha upotovu mmoja uliozagaa madarasani na madukani: kwamba mmea hauna haja na mwanga wa kijani, na kwamba atakaye kukuza mimea ndani ya nyumba sharti anunue taa ya rangi ya zambarau.

Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Taa za LED zimeshuka bei na kuenea. Wakazi wa vyumba vya ghorofani mijini wanaotesha dania na spinachi kwenye rafu. Walimu wa klabu za sayansi wanaotesha miche ya sukumawiki na nyanya katika maabara. Kila mmoja wao hufika dukani akiuliza swali lile lile: ninunue rangi gani? Jibu analopewa aghalabu ni la kumtoa pesa, si la kumtoa ujinga.

Kazi yangu ni lugha, na ndiyo iliyonivuta kwenye jambo hili. Vivumishi vya rangi vyenye asili ya Kibantu katika Kiswahili ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezikopa kutoka kwa vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kahawia imetoka kwenye kahawa. Hali hii si aibu ya Kiswahili. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walionyesha kwamba lugha nyingi za dunia huanza na nyeupe, nyeusi na nyekundu kabla ya kuongeza nyingine. Ninalotaka kusisitiza ni kwamba majina ya rangi yametungwa na jicho la binadamu kwa mahitaji ya binadamu. Jani halikushirikishwa katika kikao hicho.

Je, ilikuwaje tukasadiki kwamba jani halitaki kijani? Itakumbukwa kwamba tangu Isaac Newton aupitishe mwanga wa jua katika prizimu katika miaka ya 1660, tumejua kuwa mwanga mweupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Mjerumani Theodor Engelmann aliutandaza mwanga wa namna hiyo juu ya uzi wa mwani, akatumia bakteria wapendao oksijeni kuonyesha mahali usanisinuru unapoendelea kwa kasi. Bakteria walisongamana kwenye nyekundu na kwenye samawati. Baadaye wanakemia waliikamua klorofili kutoka majanini, wakaipima, wakachora mchoro ambao kila mwanafunzi wa biolojia ameuona: kilele kimoja upande wa samawati, kingine upande wa nyekundu, na katikati, kwenye kijani, bonde tupu.

Mchoro huo ni wa kweli. Kosa ni kudhani kwamba unalieleza jani. Kila mwanafunzi aliyefanya jaribio la wanga anakumbuka jani likichemshwa katika spiriti mpaka likawa jeupe, na spiriti yenyewe ikageuka kijani, kisha ayodini ikatiwa. Ile spiriti ya kijani ndiyo iliyopimwa katika mchoro. Lakini klorofili iliyomo katika neli si jani, kama vile orodha ya maneno si lugha. Mtu aliyeihifadhi kamusi nzima hajapata kusikia sentensi hata moja. Katika jani hai mwanga hugonga kuta za seli, hurudi, huzunguka, hupita penye klorofili mara nyingi kabla ya kupata njia ya kutokea. Fotoni ya kijani iliyoponyoka mara ya kwanza hunaswa mara ya tano au ya kumi.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili bila senti moja. Chukua jani pana, liinue juani, ulitazame kwa chini: mwanga unaopenya ni wa kijani, ishara kwamba kijani imeingia ndani kabisa. Sasa pandanisha majani manne au matano. Mwanga unafifia hadi giza. Sehemu ya kijani imerudishwa juu, ni kweli. Lakini sehemu kubwa zaidi imebaki humo ndani, nayo imefanya kazi.

Wataalamu waliyapima haya zamani. Mwaka 1972 Keith McCree alichapisha vipimo vya usanisinuru katika majani ya aina 22 za mimea ya shambani, rangi baada ya rangi. Nyekundu iliongoza, lakini kijani haikuwa bonde tupu hata kidogo. Mwaka 2009 Ichiro Terashima na wenzake nchini Japani wakaongeza la kushangaza zaidi. Walitumia majani ya alizeti yaliyokuwa tayari chini ya mwanga mweupe mkali, wakaona kwamba kijani ikiongezwa hapo huchochea usanisinuru kuliko nyekundu ikiongezwa. Sababu yake ni nyepesi. Nyekundu na samawati humezwa na seli za juu, ambazo zimekwisha shiba. Kijani hupenya na kuzifikia seli za chini zilizokuwa na njaa.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Taa ya zambarau haikubuniwa na matapeli. LED nyekundu ilipatikana mapema, kwa kazi ya Nick Holonyak ya mwaka 1962. Samawati yenye nguvu ilisubiri hadi miaka ya 1990, na Wajapani watatu walioileta, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakatuzwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Rangi hizo mbili zikichanganywa hutoa zambarau. Zaidi ya hayo, usanisinuru huhesabu fotoni, hauhesabu nguvu. Fotoni moja ya samawati ya nanomita 450 hubeba nguvu inayokaribia mara moja na nusu ya fotoni ya nyekundu ya nanomita 660. Kwa hivyo kiasi kimoja cha nguvu hutoa fotoni nyingi zaidi kikiwa nyekundu. Mkulima mkubwa anayelipia umeme wa maelfu ya taa ana sababu nzuri ya kuipenda nyekundu.

Lakini hata huko angani ambako kila wati huhesabiwa, mambo hayakuishia kwenye zambarau. Mtambo wa kukuzia mboga uitwao Veggie, uliopelekwa na shirika la NASA katika kituo cha kimataifa cha angani mwaka 2014, ulikuwa na taa nyekundu, samawati na kijani. Kijani iliwekwa hasa ili wanaanga waione mimea kwa sura yake ya kawaida, na mwezi Agosti 2015 wakala saladi waliyoikuza wenyewe. Somo hilo linatufaa na sisi. Chini ya taa ya zambarau jani lote huonekana jeusi, na mwalimu hawezi kutambua kama mche umeanza kuwa manjano kwa kukosa naitrojeni au umepata madoa ya ugonjwa.

Isitoshe, mwanga si chakula tu kwa mmea. Ni habari pia. Mwaka 1952, huko Beltsville katika jimbo la Maryland, Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao waliziangazia mbegu za saladi kwa nyekundu, zikaota. Walipofuatisha nyekundu ya mbali, ile iliyo ukingoni mwa uwezo wa jicho letu, zikakataa. Wakazibadilisha rangi hizo kwa zamu, tena na tena, na kila mara mbegu zilitii rangi ya mwisho. Chembe inayosoma ujumbe huo huitwa fitokromu. Kwa hiyo mmea hutambua kuwa umefunikwa na jirani: majani ya juu hunyonya nyekundu na kuipitisha nyekundu ya mbali, nao mche wa chini hurefuka mbiombio kuutafuta uwazi. Samawati nayo huufanya mche uwe mfupi na imara, tena ndiyo inayouelekeza upande wa dirisha.

Mashamba ya maua ya hapa Kenya hufaidi elimu hii. Karibu na ikweta mchana hauondoki sana kwenye saa 12 mwaka mzima. Haiperikamu huhitaji siku ndefu ili ichanue, basi wakulima huwasha taa usiku kuirefusha siku. Mwanga huo ni hafifu. Hauwezi kuulisha mmea. Kazi yake ni kuupasha habari kwamba majira yamefika.

Basi mnunuzi ashike lipi? Kwanza, aache kuliamini jicho lake. Pakiti nyingi za taa hutaja lumeni, na lumeni ni kipimo kilichotungwa kwa jicho la binadamu, ambalo hung'amua zaidi mwanga wa nanomita 555, yaani kijani yenye umanjano. Jani linahitaji kipimo cha fotoni: maikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu hutoa takriban 2000. Miche huridhika na 100 hadi 200, na mboga za saladi zataka 200 hivi au zaidi. Darasa lenye taa nyeupe za laksi 500, ambalo mwalimu angeliita jeupe pee, halizidi sana maikromoli 7 au 8. Kwa jicho ni mchana. Kwa jani ni usiku.

Pili, kwa mwenye rafu moja au mbili, taa nyeupe ya kelvini 4000 hadi 6500 yatosha kabisa kwa miche na mboga za majani. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya samawati iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa rangi nyingine. Hivyo ina samawati, kijani na nyekundu kwa pamoja. Tatu, asidanganywe na tarakimu kubwa. Kuna taa zinazoitwa 1000 ilhali hula wati 100 hivi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aulize taa inakula wati ngapi na inatoa fotoni ngapi, kwa umbali gani.

Nne, ahesabu saa. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 14 kila siku itatumia yuniti 8.4 za umeme kwa siku 30. Mimea nayo ipewe giza lake. Nyanya, mathalani, hudhurika zikiangaziwa usiku na mchana bila kikomo. Mwisho, penye jua, jua litumike kwanza. Shule yenye kiwanja haina haja ya kununua kile ambacho Mungu hulitolea bure, isipokuwa kwa majaribio, kwa miche, au kwa vyumba visivyofikiwa na jua.

Hayo ni ya pesa, na pesa hutafutwa zikapatikana. Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile la darasani. Mwanafunzi akiandika katika mtihani kwamba jani hutumia pia mwanga wa kijani, yuko katika hatari ya kutiwa alama ya kukosea ilhali ndiye aliyesema kweli. Atajifunza nini hapo? Atajifunza kwamba mchoro wa kitabu una haki kuliko jani alilolishika mkononi. Hilo ni fundisho baya kuliko kosa lenyewe la biolojia, kwa kuwa ataondoka nalo aende nalo hata katika masomo mengine.

Marekebisho yenyewe hayahitaji kitabu kipya. Yanahitaji sentensi moja iliyo sahihi: klorofili iliyokamuliwa hunyonya kijani kidogo, bali jani zima hunyonya sehemu kubwa ya kijani na kuitumia. Walimu waitamke, waandishi wa vitabu waiandike, na watahini waitambue. Sisi wa lugha tuna sehemu yetu pia: kuwakumbusha wanafunzi kwamba jina ni alama iliyobandikwa na binadamu juu ya kitu, na kwamba kazi ya elimu ni kuibandua alama hiyo kidogo ili kilicho chini yake kionekane. Rangi tuliyoiita kijani ni salio la karamu ya jani. Tusiwafundishe watoto kwamba salio ndilo karamu nzima.